Nani Aliyezima Moto? Dhidi ya Usomaji wa Kitaashira wa Ibada za Kipagani

Mhakiki anayekutana na moto katika maelezo ya ibada ya kipagani aghalabu huwa na jibu kabla hajauliza swali. Moto, ataandika, ni taashira ya utakaso. Ukiwa mkubwa ni taashira ya jua. Ukiteketeza nyumba ni taashira ya mwisho wa enzi. Hukumu hizi huhamishwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine kama makaa yanayopaliwa kwa jirani, na kwa kuwa kila mpokeaji huyakuta yakiwaka, hakuna anayejisumbua kuuliza yaliwashwa wapi. Makala haya yanadai kuwa neno taashira, likitumiwa hivyo, huficha jambo lililo kuu katika moto huo: kwamba waliouwasha waliutarajia ufanye kazi, na kwamba nguvu yake haikutokana na kile ulichofanana nacho bali na jinsi ulivyopatikana.

Makaa hayo yaliwashwa na James Frazer. Kitabu chake The Golden Bough kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1890, na toleo la tatu, lililotolewa kati ya 1906 na 1915, lilifikia juzuu 12. Wanafunzi wengi wa fasihi humfikia kupitia kwa T. S. Eliot, aliyekiri deni lake kwa Frazer katika maelezo ya The Waste Land ya mwaka 1922. Frazer alikusanya habari nyingi za mioto ya Ulaya: ile ya Beltane mwanzoni mwa Mei, ya usiku wa Mtakatifu Yohana mwezi Juni, ya Samhain vuli ikiisha. Alikuwa na nadharia mbili mbele yake. Wilhelm Mannhardt alishikilia kwamba moto huliiga jua ili mwanga na joto visipungue. Edward Westermarck alishikilia kwamba moto huyachoma yadhuruyo, yaani maradhi na uchawi. Frazer aliegemea kwanza upande wa jua, kisha mwaka 1913, katika Balder the Beautiful, akakubali kuwa rai ya Westermarck ina uzito zaidi. Kukiri huko kulikuwa kwa heshima. Kisicho na heshima ni walichofanya warithi wake: walizichukua nadharia mbili zilizokuwa zikishindana, wakazifanya orodha moja ya maana ambamo kila mhakiki hujichotea inayomfaa.

Ajabu ni kwamba ushahidi wa kuipinga orodha hiyo umo katika juzuu zilezile. Mwaka 1767, katika kisiwa cha Mull, magharibi mwa Uskoti, ng'ombe walipatwa na maradhi. Watu walikubaliana kuwasha moto wa dhiki, ambao kwa Kigaeli huitwa tein-éigin, ingawa wenyewe waliuona kuwa dhambi. Walipanda kilimani na gurudumu pamoja na vijiti tisa vya mwaloni. Ilitakiwa kila moto katika kila nyumba iliyoonekana kutoka kilimani uzimwe. Gurudumu likazungushwa juu ya vijiti, kutoka mashariki kwenda magharibi. Moto usipotoka kabla ya adhuhuri, kazi ya siku hiyo ilikuwa bure. Siku kadhaa zikapita hivyo. Lawama ikamwangukia mwenye nyumba mmoja aliyekataa kuzima moto wake kwa ajili ya jambo aliloliona ovu. Watumishi wake wakahongwa, wakauzima, na asubuhi hiyohiyo moto ukapatikana kilimani. Mtamba akatolewa sadaka, sehemu yake yenye ugonjwa ikateketezwa, meko ya nyumbani yakawashwa upya kutokana na moto ule, na nyama iliyosalia ikaliwa.

Taashira ya nini hapa? Ikiwa moto wa kilimani ni mfano wa jua, mwali uliobaki jikoni mwa mtu mmoja ungeudhuru vipi? Jua halipungukiwi na kibatari. Ikiwa ni utakaso, basi moto wa yule mkaidi ulikuwa ukiunguza sawasawa na mwingine wowote, na ungalitosha. Kinachosimuliwa ni sharti: moto mpya hauzaliwi mahali ambapo wa zamani ungali hai, na jamii yenye mtu mmoja nje ya mapatano haina dawa. Kuzima ndiko kulikobeba uzito, na mhakiki wa taashira, ambaye hutazama mwali tu, hakuoni kabisa.

Mull haikuwa peke yake. Martin Martin, aliyeandika kuhusu visiwa hivyo mwaka 1703, aliripoti kwamba mioto yote ya parokia ilizimwa, na wanaume 81 waliooa, yaani tisa mara tisa, wakasuguana na mbao kwa zamu za watu tisa tisa. John Ramsay wa Ochtertyre, katika karne hiyohiyo ya 18, alieleza imani kwamba iwapo miongoni mwa wasuguaji alikuwamo muuaji, mzinzi au mwizi, moto ungekataa kuwaka au ungekosa nguvu. Huko Roma, moto wa Vesta ulipozimika kwa bahati mbaya haukupaliwa kutoka jiko jingine. Ulipekechwa upya katika mti. Na waraka wa Kilatini wa karne ya 8 unaoorodhesha desturi za kipagani, Indiculus, haukuulaani moto kwa jumla. Uliutaja moto uliosuguliwa katika mti, nodfyr. Makasisi wale, pamoja na uadui wao wote, walisoma kwa makini kuliko wahakiki wanaojiita marafiki wa mila.

Itajibiwa kwamba Ludwig Wittgenstein, katika maandishi aliyoyaanza mwaka 1931 na yaliyochapishwa 1967, alikwisha kumsahihisha Frazer: ibada si sayansi iliyokosea, bali hudhihirisha jambo lililo ndani ya binadamu. Alichokisema kuhusu keki ya Beltane kina kina cha kweli. Huko Callander, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 1794, aliyeangukiwa na kipande kilichopakwa masizi aliruka moto mara tatu, na Wittgenstein ana haki ya kusema kwamba hofu iliyomo katika mchezo huo haingoji ithibati ya mwanahistoria. Lakini wanaolitumia jina lake kuirejesha taashira kwa mlango wa nyuma wamewasahau ng'ombe. Watu wa Mull walikuwa na mifugo wagonjwa, na hakuna anayehonga watumishi wa jirani ili adhihirishe hisia.

Taashira ina mahali pake. Katika upagani wa kisasa uliotokana na Gerald Gardner, aliyechapisha Witchcraft Today mwaka 1954, moto ni mojawapo ya elementi nne zilizorithiwa, kupitia waganga wa Ulaya, kutoka kwa Empedocles wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Huwekwa kusini, husimamia nia na ujasiri, na mshumaa mmoja unatosha. Hapa wafuasi wenyewe husema moto unasimamia kitu, na mhakiki akiwafuata hakosei. Huko Australia, ambako jua la adhuhuri huwa kaskazini, wengi wao wameuhamishia moto upande huo. (Aliye Nanyuki, penye ikweta, ana kazi ya kuamua.) Moto wa namna hii huwashwa kwa kiberiti, na hakuna jiko linalohitaji kuzimwa kwa ajili yake.

Kosa la kuichanganya mioto hii miwili ni zito zaidi linapofanywa kwa Kiswahili, kwani lugha yenyewe inazo tofauti hizo. Kuna moto wa kupekecha, kwa ulindi na uwimbombo, na kuna moto wa kupalia. Mmoja hauna mzazi, mwingine una deni kwa jiko la mtu. Mhakiki mwenye msamiati huo mdomoni anatoa wapi udhuru? Hata hivyo, afikapo Makunduchi, kusini mwa Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa, huona kibanda cha makuti kikichomwa, akaandika kuwa ni taashira ya mwaka unaokwisha, akaongeza kuwa jina Nairuzi limetoka Uajemi, akafunga daftari. Wanamakunduchi ni Waislamu, na neno upagani haliwafai. Swali linabaki lilelile. Kibanda kilijengwa na nani? Kwa nini mtu huwamo ndani kinapowashwa, naye hukimbia? Kwa nini mapigano ya migomba hutangulia? Maswali hayo yangemlazimu kukaa na wenyeji, na neno taashira limemwokolea nauli.

Yule mwenye nyumba wa Mull naye angemshangaa. Alikataa kuzima moto wake kwa sababu aliona, kama walivyoona jirani zake, kwamba kuuzima ni kutenda.