Furaha ya Mwenye Kungoja

Mwezi wa Novemba haujafika ukingoni, na mpita njia ashukaye basini hapa Buseresere, au akasogea kidogo upande wa Katoro, ambako mgeni hawezi kujua mji mmoja umekoma wapi na wa pili umeanzia wapi, hukuta taa za rangi zimekwisha kutundikwa vibarazani mwa maduka, vipaza sauti vinapiga nyimbo za Noeli juu ya marobota ya mitumba, na wachuuzi wa viatu vya watoto wanaapa kwamba bei ya leo haitaonekana wiki ijayo. Kwa hesabu ya kanisa Noeli bado. Hata Majilio, yale majuma manne ya kujiandaa, pengine hayajaanza. Kwa hesabu ya soko sikukuu imekwisha kuingia, nayo itatoka asubuhi ya tarehe 26 Desemba, wakati mifuko imekauka na vichwa vinauma, ilhali kanisa ndiyo kwanza limeanza kushangilia.

Sina ugomvi na wafanyabiashara, maana riziki hutafutwa panapopatikana. Ugomvi wangu ni na sisi Wakristo, tulioazima hesabu ya soko tukaisahau yetu, kisha tukakaa barazani kulalamika kwamba Noeli za siku hizi hazina ladha kama zile za utoto wetu. Itapataje ladha karamu ambayo mtu ameidokoa jikoni mwezi mzima?

Wahenga wa imani hawakuwa wajinga walipoweka muda wa kungoja mbele ya sikukuu. Neno Majilio latokana na kuja: ni majira ya kumtazamia Yule ajaye, na mwenye kumtazamia mgeni hawezi kuanza kula kabla mgeni hajabisha hodi. Katika nchi iitwayo leo Ufaransa, Wakristo wa kale walifunga tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Na majirani zetu wa Ethiopia, watu wa Kanisa la Orthodoksi, hata sasa hukaa siku zipatazo 43 bila nyama wala maziwa, mpaka Noeli yao iangukayo tarehe 7 Januari. Wakatoliki tumebaki na dalili tu ya saumu ile, yaani mavazi ya zambarau ya padre na kunyamaziwa kwa wimbo wa Utukufu. Walakini Dominika ya tatu zambarau hiyo hupauka ikawa waridi, nayo Dominika huitwa Gaudete, neno la Kilatini la kuwaamuru watu wafurahi, lililochukuliwa katika waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Na aliyewaamuru wenziwe wafurahi alikuwa amefungwa minyororo. (Wako Wakristo wengi hapa kwetu, hasa wa makanisa ya Kipentekoste, wasioifuata kalenda hii, nao nadhani hawatakosa la kuchukua katika haya nisemayo.)

Ajabu ni kwamba ukitafuta watu wanaojua kungoja, huna haja ya kuvuka mipaka ya mkoa. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huchimbwa miezi na miezi, lisitoe kitu ila kifusi na maji. Wachimbaji hula ugali wa mwenye duara, mshahara hawana; tegemeo lao ni mgao wa mawe siku mwamba utakapokubali, na baada ya hapo bado liko karasha la kusagia mawe, bado uko mwalo wa kuyaoshea, bado iko zebaki, ile zebaki inayowadhuru nao wanajua, ndipo chembe chache za manjano zibaki chini ya kikaango. Asiyewajua atadhani kwamba furaha ya watu hawa huanza siku ya mgao. Aliyekaa nao anajua kwamba aghalabu siku hiyo ndiyo ya ugomvi na ulevi na ndugu kunyimana, na kwamba furaha yenyewe ilikuwa huko nyuma, walipokuwa wakila sufuria moja na kila mmoja akiwasimulia wenziwe nyumba ya bati atakayomjengea mama yake.

Na wako waliongoja kungoja ambako sisi wengine hatukuwezi hata kukuwaza. Oktoba 2015 kifusi kiliwafukia wachimbaji katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Watano wakatolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi, siku walizoishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yadondokayo mwambani. Mwenzao wa sita alikwisha kufia humo humo, na mmoja katika hao watano hakuishi sana baada ya kuliona jua. Majuma mawili kamili baada ya kuokolewa kwao, tarehe 29 Novemba, makanisa yakawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio. Nabii Isaya alipowasimulia watu wakaao gizani wakaona nuru, mhubiri gani wa Kahama angehitaji Dominika ile kutafuta mfano?

Lakini nisijifanye kwamba ukanda huu una kumbukumbu za subira peke yake. Februari 2013 Buseresere ilijulikana nchi nzima kwa sababu ambayo wenyeji hatupendi kuitaja, nami naitaja kwa kuwa inahusu kitoweo, na Noeli bila kitoweo haisemeki. Kwa desturi ndefu ya nchi yetu, nyama iuzwayo hadharani imechinjwa na Waislamu, ili kila mtu apate kula bila shaka moyoni. Wakatokea Wakristo waliodai haki ya kuchinja na kuuza wenyewe. Maneno yakazaa mapanga, na tarehe 11 mwezi ule akauawa mchungaji mmoja wa Tanzania Assemblies of God. Siku ileile Papa Benedikto wa 16 alitangaza kule Roma kwamba anang'atuka, hivyo ulimwengu ukatazama upande mwingine. Jumatano ya Majivu ilikuwa keshokutwa yake, lakini sisi majivu yetu tulikuwa tumekwisha kupakwa.

Mwisho wa mwaka ule, tarehe 24 Novemba, juma moja kabla ya Majilio, Papa mpya Fransisko akatoa wosia wake uitwao Furaha ya Injili. Mtu wa Buseresere aliyeusikia ukisomwa alikuwa na haki ya kuuliza ni furaha gani hiyo. Nami, baada ya kulifikiri swali hilo Majilio kadhaa, naona kwamba iko furaha idaiyo na iko furaha ingojayo. Mwenye kudai fungu lake sasa hivi, awe Mkristo awe Mwislamu, hana budi kumwona jirani kama kizuizi kati yake na sahani. Lakini mwenye kungoja, maadamu anajua kwamba anachokitazamia ni cha kupewa, hana sababu ya kumsukuma mtu mlangoni.

Tena sioni haya kukiri kwamba kungoja huko twaweza kufundishwa na jirani yuyo huyo. Sijapata kuona Mwislamu akila Idd kabla mwezi haujaandama. Jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani watu husimama nje wakikodolea macho magharibi, na Desemba au Aprili, mawingu ya ziwa yakiuficha mwezi, hutimiza 30 bila kunung'unika, na siku ile iliyozidi haiwapunguzii sururi hata kidogo. Nimealikwa kufuturu kwao mara nyingi: tende, uji wa moto, kisha kimya kifupi cha watu walioshinda na njaa pamoja, na bashasha niliyoiona katika nyuso zile sijaiona katika dhifa nyingi za Desemba zilizogharimu ng'ombe mzima. Fauka ya hayo, zakatul-fitri hutolewa kabla ya sala ya Idd, ili maskini aamke siku ile akiwa na chake jikoni. Sisi humkumbuka maskini jioni ya Noeli, kwa makombo.

Atasema mtu kwamba watoto hawawezi kungojeshwa. Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyewalea watoto wa kimaskini huko Hamburg, Ujerumani, alichukua gurudumu la mkokoteni mwaka 1839 akapanga mishumaa juu yake, mikubwa kwa ajili ya Jumapili nne na midogo kwa siku za katikati, akawasha mmoja kila siku. Huko ndiko lilikotoka shada la Majilio tulionalo makanisani. Watoto wale hawakupewa Noeli mapema. Walipewa kitu cha kuhesabu, na gurudumu zima likazidi kung'aa mbele yao jioni baada ya jioni.

Mwaka jana, katika juma la pili la Majilio, nilikwenda buchani kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye mimi hununua nyama kwake, kuagiza kilo zangu za sikukuu kabla bei haijapanda. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za mvua na mahindi, aliandika jina langu katika daftari lake, kisha akauliza, kwa taadhima ya mtu asiyependa kukosea mambo ya wenziwe:

“Mwalimu, na ninyi mwezi wenu huandama lini?”

Nikamwambia sisi hatutazami mwezi, twahesabu mishumaa.

“Imebaki mingapi?”

“Miwili.”

“Basi ng'ombe wako bado yuko malishoni,” akasema, akalifunga daftari.