Tutembee Kwanza, Tutagombana Baadaye

Natumaini mwezi umeanza vizuri, mshahara bado upo upo, na huyo uliye naye bado mnaongea. Nimesema "mnaongea" kwa makusudi. Kuulizana nani anamfuata mtoto shule, au luku imebaki uniti ngapi, hiyo siyo kuongea, hiyo ni kupeana ripoti. Mimi na mista wangu tulishafika mahali pa kupeana ripoti tu. Leo nataka nikusimulie siku tuliyorudi kuongea, tukiwa tunatembea kando ya mto, tena mto wa watu: Thames, katikati ya jiji la London.

Usinielewe vibaya, sina nia ya kujidai nimepanda ndege. Tiketi yenyewe niliilipa kwa hela ya upatu, zamu yangu ilipofika. Baba watoto alikuwa kule mwaka mzima akisoma shahada ya pili, mimi nimebaki Dar na binti yetu wa miaka minne. Septemba 2024, alipokuwa anamalizia masomo, nikamwacha mtoto kwa bibi yake na kumfuata mwenzangu kwa siku kumi. Nguo mpya, nywele zimesukwa, moyo unadunda kama wa msichana wa kidato cha nne.

Siku ya tatu, natafuta chaja, nikakuta barua. Ofa ya kazi hapohapo London, miaka miwili. Tarehe ya barua: wiki tatu zilizopita.

Nilipomuuliza, akajibu, "Nilikuwa natafuta muda mzuri wa kukuambia." Jamani, muda mzuri! Kama umewahi kukaa kwenye chumba cha mwanafunzi unajua: kitanda, meza, na ukuta mwembamba kama kadibodi. Hata kufoka huwezi. Tuligombana kwa kunong'ona. Baada ya hapo hata kunong'ona kukaisha, tukakaa siku mbili tunapishana kwenye chumba cha hatua nne bila kutazamana. Jumamosi asubuhi akaniletea chai, akaniambia, "Mama watoto, vaa raba. Tutembee kwanza, tutagombana baadaye."

Nikavaa. Siyo kwamba nilikuwa nimemsamehe, ila chumba kilikuwa kimenichosha.

Tulianzia Lambeth Bridge, upande wa kusini wa mto, maji yakiwa mkono wetu wa kushoto. Njia ya waenda kwa miguu ipo kabisa, haina gari wala bodaboda, na ni sehemu ya njia ndefu inayoufuata Thames tangu chanzo chake vijijini, karibu kilomita 300. Sisi tulitaka kufika Tower Bridge tu, kilomita chache zisizozidi tano. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na nusu. Sisi tulitumia karibu siku nzima.

Kitu cha kwanza kukutana nacho ni ukuta. Ukuta mrefu, kama mita 500, uko mbele ya hospitali na unatazamana na Bunge lao ng'ambo ya mto. Umejaa mioyo myekundu iliyochorwa kwa mkono, moyo mmoja kwa kila mtu aliyefariki kwa korona Uingereza. Walianza kuichora Machi 2021, na sasa ni zaidi ya 200,000. Ndani ya mioyo ndugu wameandika majina na ujumbe mfupi. Jua na mvua vinaifuta rangi, na watu wa kujitolea wanarudi kuipaka upya. Nilitembea pale nikisoma: mama, baba, babu, mke wangu wa miaka arobaini. Sikusema kitu, na yeye hakusema kitu, ila tulipofika mwisho wa ukuta niliona amehamia upande wangu wa kulia, upande wa watu wanaopita kwa kasi, kama anavyofanya tukiwa Kariakoo. Nikajifanya sijaona.

Ukipita Westminster Bridge unaingia kwenye vurugu la watalii. Pale kuna lile gurudumu kubwa, London Eye, mita 135 kwenda juu, watu wanazungushwa taratibu kwenye vibanda vya vioo. Aliniuliza kama nataka kupanda. Nikapiga hesabu ya tiketi mbili kwa shilingi, nikasema ahsante, nitaliangalia nikiwa chini. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku ile. Akacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa bahati mbaya.

Chini ya Waterloo Bridge kuna wauza vitabu vya mitumba, meza ndefu zimepangwa kwenye kivuli cha daraja. Mista ndiye aliyenipa habari ya daraja lenyewe. Lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume wengi wako vitani, kwa hiyo wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi. Lilipofunguliwa rasmi mwaka 1945, hotuba ikawasifu wanaume waliolijenga. Wanawake hawakutajwa! Mpaka leo wapo wanaoliita daraja la akina mama.

Nikamwambia, "Unaona? Hata kwenye daraja."

"Hata kwenye daraja nini?"

"Mtu anabeba mzigo mwaka mzima, halafu anasahaulika kwenye hotuba."

Hapo ndipo tulipoanza. Na hapa nikuambie ukweli, msomaji wangu: maneno yale ningeyasema mezani, tumetazamana, yangekuwa bomu. Lakini tulikuwa tunatembea, macho yetu yako mbele, mguu unaufuata mguu. Akakaa kimya hatua kama hamsini. Mezani kimya cha hivyo ni dharau. Ukiwa njiani ni mtu anafikiri.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Kila nikipiga simu unaniambia huku poa, usijali, soma tu. Mwaka mzima ni poa. Nikaona kumbe mnaweza bila mimi. Basi nikasema bora niwe na faida ya hela."

Tulikuwa tumekaribia Blackfriars. Maji yalikuwa yamekupwa. Hili lilinishangaza sana, maana nilidhani kupwa na kujaa ni mambo ya kwetu pwani. Kumbe bahari inaingia Thames mpaka katikati ya jiji, mara mbili kwa siku, na tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita saba hivi. Yakikupwa, unaona ufuko mzima uliokuwa umefichwa: mawe, vigae vya kale, minyororo, mabomba ya udongo ya kuvutia tumbaku. Kuna watu wana kibali maalumu cha kuokota vitu pale. Tuliwaona wawili wameinama, wana ndoo.

Nikaegemea reli, nikamwambia yaliyokuwa chini ya ile "poa" yangu. Kwamba kodi ya nyumba ya miezi sita niliikopa kwa mfanyakazi mwenzangu na nilikuwa sijamaliza kulipa. Kwamba mwezi wa tano binti yetu alilazwa siku mbili kwa malaria, nikalala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, na yeye alipopiga simu nikatoka nje ya wodi nikamwambia tuko nyumbani tunaangalia katuni. Alikuwa na mitihani. Sikutaka kumchanganya.

Alishika reli kwa mikono yote miwili. Alikaa vile muda mrefu. Nilitegemea atasema pole. Akasema, "Alilazwa, na mimi sikujua." Akarudia tena. Alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikubali kwamba na yeye ana haki ya kukasirika. Yeye alinificha barua wiki tatu. Mimi nilimficha mtoto mgonjwa miezi minne. Nani mwongo zaidi? Ukianza kupima hivyo, mtapima mpaka kesho.

Mbele kidogo kuna jengo kubwa la matofali lenye bomba refu la moshi, zamani kituo cha kufua umeme, tangu mwaka 2000 ni jumba la sanaa la Tate Modern. Mbele yake kuna daraja la miguu, Millennium Bridge. Hilo nalo lina kisa. Lilifunguliwa Juni 2000, watu wakajaa, likaanza kuyumba kushoto na kulia. Baada ya siku mbili likafungwa. Wahandisi walipochunguza, daraja halikuwa bovu. Lilikuwa linayumba kidogo tu, ila kila mtu akijiweka sawa asianguke alikuwa anakanyaga kwa kufuata ule myumbo, na kwa kufanya hivyo wote wakauzidisha. Wakafunga vifaa vya kupunguza mtikisiko chini yake, likafunguliwa tena mwaka 2002.

Tulisimama katikati ya daraja hilo. Halikuyumba. Mista akasema, "Sisi pia kila mtu alikuwa anajiweka sawa." Sikuongeza neno.

Tuliporudi kwenye njia yetu, mazungumzo yalikuwa ya kawaida: hesabu. Mshahara ni kiasi gani, chumba ni kiasi gani, deni langu ni kiasi gani, mtoto anaanza darasa la kwanza lini. Tulipita ukumbi wa Globe, ule wa Shakespeare, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 ukiwa na paa la nyasi. Tulipita soko la Borough, harufu ya chakula ikatushinda, tukanunua sahani moja tukala wawili tukiwa tumesimama. Ilipofika saa kumi tukaiona minara miwili ya Tower Bridge.

Bahati ilitukuta: daraja lilikuwa linafunguka. Magari yakasimama, barabara ikagawanyika katikati na kunyanyuka, chombo chenye mlingoti mrefu kikapita taratibu kama kina haki zote. Na kweli kinazo. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1894, chombo cha majini ndicho chenye kipaumbele, magari yanasubiri. Ila mwenye chombo lazima atoe taarifa angalau saa 24 kabla.

"Saa 24," nikamwambia. "Wewe wiki tatu."

"Na wewe miezi minne," akanijibu.

Tukacheka mpaka mzungu mmoja akageuka kututazama.

Sasa usitegemee nikuambie kila kitu kiliishia pale. Aliichukua ile kazi, lakini kwa mwaka mmoja, siyo miwili. Ulikuwa mwaka mgumu. Kuna usiku nilimlaumu mto na madaraja yake yote. Lakini neno "poa" tulilipiga marufuku kwenye simu. Ukiulizwa hali, unaeleza hali. Deni likaisha. Mwaka 2025 akarudi, na binti yetu alimwonea aibu wiki nzima kabla ya kumzoea tena. Hiyo ni gharama ambayo kwenye hesabu zetu pale Borough hatukuiweka.

Kuna kitu kingine kilichobaki kichwani mwangu. Ule mto ninaousifu ulishawahi kuoza. Mwaka 1858 ulinuka mpaka wabunge wakaning'iniza mapazia yaliyoloweshwa dawa kwenye madirisha, ndipo wakaona umuhimu wa kujenga mfumo wa majitaka. Mwaka 1957 wataalamu wakasema umekufa, hauna uhai. Leo una aina zaidi ya 100 za samaki, hata sili wanaonekana. Mwaka 2025 walimaliza kuunganisha bomba jipya la majitaka la kilomita 25 chini ya mto. Kwa hiyo kazi haijaisha, inaendelea. Nikifikiria Msimbazi wetu, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu mpaka baharini, ambao tunaukumbuka tu Jangwani ikifurika, najipa moyo kwamba mto ukiangaliwa unarudi.

Kwa sasa, kando ya Msimbazi hatuna pa kutembelea. Kwa hiyo Jumapili jioni tunaenda Barack Obama Drive, ile ambayo wakubwa bado mnaiita Ocean Road. Tunaegesha gari, simu tunaziacha ndani, tunatembea upande wa bahari. Masharti yetu ni matatu na unaweza kuyaiba: tembeeni sambamba, mmoja asitangulie, mwenzako akinyamaza mwache anyamaze, na la hela lizungumzwe mkiwa mnaenda, siyo mkiwa mnarudi, maana mkirudi mmechoka.

Wiki hii mwambie mwenzako avae raba. Kama mmenuniana ndiyo vizuri zaidi, mna sababu. Na kama kuna barua chini ya chaja, ibebe mfukoni.

Tukutane mwezi ujao.