Kamera ya ukumbini: tutazame lenzi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ununuzi wa kamera za kupigia picha michezo ya ukumbini, kama ndondi na mpira wa meza, hapa mkoani Singida.

Baadhi ya shule na vilabu hununua kamera kwa kutazama wingi wa megapikseli tu. Lakini ukumbini taa ni hafifu na mchezaji hatulii. Ili ngumi isitoke kama moshi, picha ipigwe kwa 1/500 ya sekunde au upesi zaidi, na kasi hiyo yadai mwanga mwingi. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zikivutwa hadi mwisho, huishia f/5.6. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Kamera ya wastani, hata iliyokwisha tumika, ikifungwa lenzi hiyo na ISO ikiwekwa 3200, yatosha. Flashi isitumike, kwani humsumbua mchezaji.

Vijana wetu wa Manyoni na Iramba wanastahili kumbukumbu inayoonyesha sura zao. Nashauri wahusika wamwulize mpiga picha kabla ya kutoa fedha ya wananchi.

Mpenda Michezo,
Singida.