Dhamana na Mfuko Mnene
Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa kila mshtakiwa haki ya dhamana, ila pakiwapo sababu nzito. Haki hiyo twaiheshimu. Lakini ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapata dhamana, na kesi ikakokotwa hata walipopelekwa Marekani Januari 2017. Huko, mwaka 2018, walikiri njama ya heroini, na kuwahonga maofisa wa Kenya wasipelekwe. Hawakutoroka, walinunua wakati.

Maskini aliyeshikwa na kete moja hulala rumande kwa kukosa mdhamini. Twasema: mahakama isitazame hatari ya kukimbia tu, bali na ya rushwa; na kesi hizi ziishe upesi.