Dawa ya Nyanya Tuipime, Tusiidharau

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini wahenga hao hao walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilisahau methali hiyo ya pili, na nilikiona cha mtema kuni.

Likizo iliyopita nilikuwa nimevimba goti baada ya kuanguka uwanjani. Ndani ya matatu akaingia mchuuzi na chupa za maji ya kahawia. Ati yanatibu uvimbe, homa, malaria na hata kukosa bahati! Nikanunua, nikanywa. Usiku huo nilitapika hadi nikapelekwa zahanati. Muuguzi akaniuliza, "Umekunywa nini, na kiasi gani?" Jameni, sikuwa na jibu.

Nyanya aliposikia alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, lini nilikupa dawa ya mti nisioujua?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Wako wenzetu wanaocheka miti shamba wakisema ni ushamba. Hao wamekosea. Gamba la mti uitwao willow lilitumiwa Ulaya kutuliza maumivu na homa tangu zamani. Mwaka wa 1828 wanasayansi walitoa ndani yake kemikali iitwayo salisini, na mwaka wa 1897 kiwanda cha Bayer cha Ujerumani kikatengeneza aspirini, dawa inayopunguza uvimbe na maumivu hadi leo.

Lakini wako pia wanaomeza kila jani. Hao nao wamekosea. Chukua badiani, kile kiungo chenye umbo la nyota. Ndani yake mna asidi ya shikimiki, inayotumiwa kutengenezea oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya mafua makali. Je, ukitafuna badiani utapona mafua? La! Asidi hiyo lazima kwanza ibadilishwe kiwandani kwa hatua nyingi.

Mfano wa karibu ni mtandamboo, ule mti wa miiba ambao matunda yake tunayala tukichunga mbuzi. Mwaka wa 2006 watafiti wa hapa Kenya walitangaza kwamba maji ya mizizi yake yalizuia virusi vya malengelenge katika maabara, na hata kwa panya. Hiyo ni habari njema, lakini panya si binadamu. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, wakanywe kikombe cha mizizi ya mti huo huo. Wengine waliacha dawa zao za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi wakidhani wamepona. Kumbe virusi bado vilikuwamo mwilini!

Kwa maoni yangu, kosa si la mti. Kosa ni kutojua ni mti gani, kiasi gani, na kwa ugonjwa gani. Napendekeza shule yetu itenge kipande cha shamba tupande mwarubaini, mtandamboo na manjano, kila mmea na kibao cha jina lake. Kila mwanafunzi amwulize nyanya au babu yake, aandike. Walimu wa sayansi watuongoze maabarani. Na mtu akiugua, aende zahanati kwanza, na amweleze muuguzi kila alichokunywa.

Shime, wenzangu! Wazee wanatuacha mmoja mmoja, na ujuzi wao unazikwa nao. Tusipouandika leo, kesho tutabaki na mchuuzi wa matatu tu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu