Tingatinga Si Mpango wa Tabianchi

Ndugu, dada, Aprili 2024 umeisahau? Mito ya Nairobi ilifurika, Mathare watu wakachukuliwa na maji usiku. Nchi nzima tulizika zaidi ya watu 200. Halafu serikali ikaleta nini? Tingatinga. Walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wakaambiwa wahame, kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Elfu kumi, Nairobi hii! Utalipa kodi ya nyumba miezi mingapi?

Sikatai, kando ya mto ni hatari. Anayelala pale anajua hilo kuliko waziri. Lakini ukimbomolea bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi palepale, ama atahamia bonde lingine na mafuriko yatamkuta huko.

Na usikubali kuambiwa eti hakuna njia nyingine. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru eneo maalum la mipango, na wakazi wenyewe wakaketi na wataalamu kupanga mitaro, barabara, maji na vyoo. Watu wa mtaa, si wageni wa hotelini!

Masika ni kila Machi. Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitwa wadi yako, nenda na wenzako kumi, muulize: mtaro wetu uko ukurasa gani?