Stoo si Chumba cha Mtoto

Ndugu zangu wa Bugarama, Mungu ametupa ardhi inayoitika jembe. Mahindi tunavuna, maharage tunavuna, na mgomba hautunyimi ndizi. Kwa kulima hakuna wa kutufundisha, na hilo nalisema kwa fahari. Lakini tukishavuna tunajiaibisha wenyewe.

Nasema juu ya stoo zetu. Utakuta nyumba ya tofali za kuchoma, bati linang'aa, makochi yamevishwa vitambaa. Ingia chumba cha nyuma. Dirisha limezibwa kwa kuogopa wezi. Magunia yamelazwa kwenye udongo, yameegemea ukuta. Vuta gunia moja uone: ukutani madoa meusi, kitakoni mwa gunia ungaunga wa kijani, na uvundo unaokaba koo. Na juu ya magunia hayo, blanketi la mtoto! Wadogo ndiko wanakolala, kwa sababu chumba kizuri kimewekwa akiba ya mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni analala pakavu, mwenyeji anakohoa.

Masika yakishuka, ukuta hunyonya maji ya ardhini, na mahindi yaliyoingizwa mabichi hutoa unyevu wake; hewa haina pa kutokea. Hapo ndipo kuvu huota, ikarusha chembe zisizoonekana kwa macho, na mtoto akazivuta usiku kucha kwa mapafu yake machanga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu nyumbani huandamana na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Kisha asubuhi tunamkorogea mtoto yuleyule uji wa mahindi yaleyale. Tumesahau mwaka 2016, Dodoma na Manyara walipozika watu kwa sumukuvu, sumu ya kuvu kwenye mahindi? Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Hapa siwezi kunyamazia jambo jingine. Mtoto akikohoa mwezi mzima, badala ya kumtoa kwenye uvundo, tunampeleka akakatwe kimeo! Wembe umekata wangapi sijui, kinywa kinavuja damu, kidonda kinaoza, na usiku mtoto anarudishwa kulala juu ya magunia. Kimeo kimekosa nini? Mama anayeswali na mama asiyekosa ibada ya Jumapili, wote wanajua kwamba Muumba hakuweka kiungo bure.

Nanyi akina baba mnaojua kujenga, hamshindwi na hili. Anikeni mahindi kwenye turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kufunga gunia, tia punje chache za kupimwa kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Tengeneza chaga ya miti, magunia yakae juu yake, mbali na ukuta. Fungua dirisha, weka nondo na wavu kama unaogopa mwizi. Ukuta wenye kuvu uloweshe kwanza ndipo usugue, watoto wakiwa nje, maana ukiukwangua mkavu unapeperusha kuvu nyumba nzima. Mahindi yaliyoota kuvu usiuze, usipikie pombe, usiwape kuku. Hasara inauma, najua, lakini kuzika kunauma zaidi.

Na mama, mtoto akikohoa na kuhema haraka, mfunue kifua akiwa ametulia, umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usisubiri kuche wala usipitie kwa mkata kimeo. Mbebe, nenda kituo cha afya usiku huohuo. Na chumba cha mgeni, kuanzia leo, walale watoto.